Lisemwalo na Msemaji Wake: Mitandao ya Kijamii katika Uandishi wa Habari wa Wanafunzi

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ni soko la dagaa na samaki wakavu. Ni soko la habari pia. Wafanyabiashara wa visiwani huteremka na mizigo pamoja na masimulizi ya ziwani. Zamani mwanafunzi wa uandishi wa habari, kama wale wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Malimbe, alilazimika kuyafuata huko na kumwuliza msemaji ana kwa ana. Leo habari humfikia simuni kwa WhatsApp, aghalabu ikiwa imekwisha kupoteza jina la aliyeitoa.

Hapo ndipo sarufi inapohusika. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda atajwe: "imesemwa na nahodha". Umbo la kutendeka haliruhusu: Mswahili hasemi "inasemekana na nahodha". Kwa hiyo neno "inasemekana", linalopendwa na waandishi chipukizi, lina sura ya tahadhari, lakini kazi yake ni kumfunika msemaji. Msikilizaji hubaki na habari isiyo na mwenyewe.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, wilayani Ukerewe. Idadi ya waliofariki ilipanda siku hadi siku, ikazidi 220. Hata hivyo, tarehe 22 Septemba mtu mmoja aliokolewa akiwa hai ndani ya kivuko. Ambaye angesambaza usiku wa kwanza kwamba waliosalia humo "wamekufa", angalimzika mtu aliye hai mbele ya jamaa zake. Kiambishi -me- hutangaza jambo lililokwisha kutimia. Asiyejua hana haki nacho.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu usambazaji wa habari za uongo, lakini adhabu huja baada ya madhara. Kinga ya awali ni lugha yenyewe.

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani. Katika chumba cha habari, mwanafunzi apaswa kwanza kumtafuta aliyeona, aulize aliona nini, wapi na saa ngapi. Akimpata, amtaje kwa kauli ya kutendwa. Asipompata, ujumbe ubaki simuni.