Kabla ya kumlipa fundi wa laina ya bwawa
(Mazungumzo na wakulima wa Kieni)



Kieni mvua ni ya kubahatisha, ndiyo maana wengi wenu mmechimba bwawa na kulitandika laina. Leo nazungumzia kiungo cha laina hiyo.

Plastiki hii haishonwi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Gundi nayo haiishiki vizuri. Huunganishwa kwa joto: kingo mbili hulaliana kama sentimita 10, mashine huziyeyusha na kuzikandamiza ziwe kitu kimoja. Joto likipungua, zinabandikana tu. Likizidi, plastiki inaungua. Umande na vumbi pia huharibu kiungo, kwa hivyo fundi akifika Naromoru saa moja asubuhi, mpe chai kwanza. Laina ikauke, ipanguswe.

Kabla hajaanza, mwambie achomelee vipande viwili vidogo. Vikipoa, vivuteni kwa nguvu. Plastiki ikirefuka au kuraruka huku kiungo kimeshika, aendelee. Kiungo kikiachana kama bahasha, arekebishe joto la mashine. Maji yenu ya kiangazi yako hapo, msione haya kumsimamia.

Kwa bwawa dogo, mimi ningeagiza laina iliyounganishwa kiwandani kwa vipimo vyangu.

Na wekeni ua, tafadhali. Laina ikilowa huteleza, mtoto akitumbukia hawezi kupanda. Fungeni pia kamba yenye mafundo, ifike hadi majini.