Bastola ya mchezo yaweza kumuua aliyeishika

Wiki iliyopita hatukukutana kwa sababu nilikuwa kwetu Kinjumbi, kaskazini mwa wilaya ya Kilwa, kula Idi na dada yangu. Nilikwenda kupumzika. Nimerudi na habari ya bastola.

Msishtuke, bastola yenyewe ni ya mchezo. Mpwa wangu, kijana wa miaka 15, aliletewa zawadi na binamu yake anayefanya kazi Uarabuni. Wenzake waliletewa kanzu na simu. Yeye kaletewa rivolva. Aliponikabidhi niishike, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama mtutu umeelekea wapi.

Wale wanaodhani nazungumzia vile vibastola vya plastiki vinavyouzwa barabarani siku za sikukuu, vya kurusha maji na kulia fataki, wasubiri kidogo. Hii ni ya chuma, uzito wake karibu kilo moja. Silinda yake inafunguka kando na kuzunguka kama ya kweli, nyundo inavutwa kwa kidole gumba, na ndani ya silinda mnaingia maganda sita ya rangi ya shaba. Tofauti ni kwamba mdomoni mwa kila ganda unapachika kijipunje cha plastiki, duara, chenye upana wa milimita 6 na uzito kama wa gramu 0.2. Mpini ni mtupu ndani, na humo hukaa kichupa cha chuma chenye gramu 12 za gesi ya kaboni, ileile inayotia povu kwenye soda. Ukifyatua, gesi inapenya nyuma ya punje na kuitoa kwa kasi. Vitu hivi vilianzia Japani, nchi ambayo mwananchi wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola, na mchezo wake wa kuviziana porini sasa umeenea ulimwenguni kwa jina la easofti.

Je, nguvu yake ni kiasi gani? Hapa hesabu ya darasani inatosha. Punje ya gramu 0.2 ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde hubeba nguvu ya jouli 1. Risasi ya kweli ya bastola ya milimita 9 hubeba jouli kama 500. Kwa hiyo ni kweli anachosema mpwa wangu, kwamba haiui. Ikikupata mgongoni unaruka na kubaki na alama nyekundu. Ikikupata jichoni ni habari nyingine, jicho linaweza kwenda moja kwa moja, na ndiyo maana huko kwenye mchezo wenyewe hakuna anayeingia bila miwani maalumu. Tena kuna jambo ambalo kijana hakuambiwa. Gesi hii hupanda nguvu kwa joto. Kwa nyuzi 20 msukumo wake ndani ya kichupa ni zaidi ya mara 25 ya upepo wa tairi la gari dogo, na kwa nyuzi 30 unazidi hapo kwa robo nzima. Jua la kwetu mnalijua. Kichupa cha namna hiyo hakiachwi juu ya bati wala karibu na meko.

Lakini nguvu niliyokuja kuisemea si hiyo ya gesi.

Siku ya pili ya Idi, jua limekwisha zama, vijana walikuwa kwenye njia ya mikorosho wakiigiza sinema. Mpwa wangu alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono umenyooka. Ikaja pikipiki. Taa yake ikammulika yeye na kile kilichokuwa mkononi. Dereva hakuuliza. Aliitupa pikipiki, injini ikiendelea kunguruma chini, akakimbilia porini akipiga yowe. Na yowe la kijijini halikosi wa kulijibu. Walitoka watu na mapanga, na mzee mmoja alitoka na gobore lake la kufukuzia nguruwe. Ilikuwa bahati tu kwamba mwanamke mmoja aliitambua sauti ya mtoto akilia, akapaza sauti, "Jamani, huyo mtoto wa jirani yangu!" Mimi nilifika nikihema, nikamkuta kijana amepiga magoti, mikono kichwani, na ile zawadi yake iko mchangani hatua mbili mbele yake. Nilipomshika bega alisema neno moja tu, "Mjomba." Yule mzee bado alikuwa hajashusha gobore.

Siwezi kuwalaumu watu wale. Ng'ambo tu ya mpaka wa kaskazini wa wilaya yetu ni Rufiji, na mbele yake Kibiti. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi 8 waliuawa kwa risasi Kibiti wakiwa ndani ya gari wakitoka kazini. Katika miezi ile wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa majumbani na njiani, na waendesha pikipiki wakakatazwa kutembea usiku. Mtu aliyepita katika hofu ile, ukimnyooshea chuma chenye mtutu wakati wa magharibi, unataka akuulize jouli ngapi?

Wenzetu walioendelea nao haya yamewakuta. Tarehe 22 Novemba 2014, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bustanini bastola ya namna hii hii. Kwa sheria ya kule ncha ya mtutu hutiwa rangi ya chungwa, ila ya kwake haikuwa nayo. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia, lakini neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, hazikutimia sekunde mbili akapigwa risasi, na kesho yake akafariki. Uingereza wao walitunga sheria mwaka 2006: bastola ya bandia inayofanana na ya kweli haiuzwi kwa yeyote tu, na nyingine lazima ziwe na rangi za kung'aa au zionyeshe ndani kama chupa.

Na sisi huku? Watu husema, "Si silaha, ni toi." Hebu tutazame majirani. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Wasajja lililotoka Uganda, ilisema kwamba kumtia mtu hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua ni lazima ithibitishwe kwamba bunduki ile inaweza kweli kufyatua risasi. Majambazi wenye mawakili wazuri walilipenda neno hilo. Mwaka 2007 Bunge la Uganda likabadili sheria, na sasa hata mfano wa silaha huhesabiwa kuwa silaha ya kuua. Kenya nayo, katika sheria yake ya silaha, inasema kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiweze kutoa risasi kisiweze, ukikitumia kwa nia ya kutenda kosa, umetenda kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kwa maneno mengine, majirani hawa waliacha kumuuliza mwenye bastola na wakaanza kumuuliza aliyeelekezewa. Mimi nasema walifanya vizuri. Mwenye duka aliyetoa mauzo ya siku nzima akitetemeka hakuibiwa kwa mfano, ameibiwa kweli.

Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na hata gobore la mzee wetu lazima liwe na kibali. Na unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa Kanuni ya Adhabu, hauna kifungo chini ya miaka 30. Anayetaka kumletea mtoto kitu cha namna hii kutoka ng'ambo aende kituo cha polisi kuuliza kabla hajakinunua, si baada ya kukipitisha ndani ya begi la nguo.

Usiku ule nilikaa barazani na shemeji yangu, na wazee wakaja. Sisi ni watu wa Umatumbi. Ni katika milima yetu, Nandete, watu waling'oa pamba ya Mjerumani mwezi Julai 1905, na vita ya Maji Maji ikaanza kwa imani kwamba risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Mzee mmoja akasema, babu zetu waliona bunduki wakadhani maji, na jana tumeona kitu kisichozidi maji tukadhani bunduki. Hakuna aliyecheka.

Shemeji alitaka niichukue niende nayo Dar es Salaam. Nikamwambia, shemeji, basi langu linapita Ikwiriri na Kibiti, na njiani kuna vizuizi. Nikipekuliwa nianze kueleza habari za punje za plastiki? Hapana. Asubuhi tulikwenda watatu, yeye, mimi na kijana, hadi kwa mtendaji. Tulikuwa tumekwisha mpelekea habari kwamba ni ya mchezo, tena kichupa cha gesi tulikuwa tumekitoa. Kijana akaifungua kutoka kwenye gazeti, akaiweka mezani taratibu.

Mtendaji akasukuma kiti nyuma mpaka ukutani. "Kwanza," akasema, "toeni risasi."