Somo la Elimu ya Anga: Jiwe Litoalo Moshi



Huko Geita mchimbaji akitaka kujua jiwe lina nini, hulitwanga, akaliosha kwenye karai, akatazama kilichobaki chini. Jiwe la leo halitwangiki. Liko mbali, kati ya Zohali na Uranus, nasi twaupata mwanga wake tu.

Jiwe hilo laitwa Chiron. Liligunduliwa mwaka 1977 na Charles Kowal, huko Palomar, Marekani. Upana wake ni kama kilomita 200, kupita mstari ulionyooka kutoka Geita hadi Shinyanga mjini. Wataalamu waliliandika kuwa ni sayari ndogo, wakaridhika. Kumbe! Mwaka 1988 liling'aa kuliko walivyotazamia, na mwaka 1989 likaonekana limejifunika ukungu, kama nyota ya mkia. Jiwe gani hilo litoalo moshi?

Labda utasema, barafu yake iliyeyushwa na jua. Umekaribia, ila si barafu ya maji, kwani huko maji ni magumu kama majabali ya Shinyanga. Ziko barafu za hewa nyingine, mathalani ile hewa ya jiko la mkaa inayowaua watu waliolala madirisha yamefungwa. Hiyo hufuka hata kwa joto dogo mno. Darubini ya Webb, iliyorushwa angani mwaka 2021, imeiona ikiwa barafu juu ya Chiron.

Mawe ya namna hii ni mengi, nayo huitwa sentauri, jina la viumbe wa hadithi za Wagiriki, nusu mtu nusu farasi. Moja, Chariklo, lina pete kama Zohali. Zilitambuliwa mwaka 2013 lilipopita mbele ya nyota.

Lakini njia za mawe haya hazidumu. Sayari kubwa huyavuta huku na huku, na baada ya miaka milioni kadhaa jiwe hutupwa nje kabisa, au husukumwa ndani karibu na jua likawa nyota ya mkia. Nyota ya mkia moja iliyonaswa na Mshtarii ilivunjika vipande mwaka 1992, na Julai 1994 vipande hivyo vikaipiga sayari hiyo. Baadhi ya makovu yalikuwa mapana kuliko dunia yetu.

Chiron huzunguka jua kwa miaka 50 hivi. Lilikaribia jua mwaka 1996. Litakaribia tena mnamo 2046. Kama una mtoto darasa la kwanza, mwandikie mwaka huo nyuma ya daftari.