Somo la Hesabu: Nauli ya Kifurushi Kidogo

Leo chukueni penseli, rula, na kitu kimoja kidogo mnachokiuza: bangili ya shaba, mkufu wa ushanga, kijiko cha mti, chochote. Kiwekeni mezani. Tutakisafirisha mpaka Dar es Salaam, kisha ng'ambo, wala hatutaondoka darasani.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi mtu wa Dirma aweza kuipiga picha bangili kwa simu, akaiweka mtandaoni, na mtu wa Mwanza au wa Ujerumani akaiona na kuitaka siku ile ile. Picha husafiri karibu bure. Bangili haisafiri bure. Kwanza yapanda pikipiki au gari mpaka mjini Katesh, halafu basi, halafu pengine posta na ndege. Kila mwendo una nauli yake, na nauli hizo zote zategemea bei ya kitu kimoja kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikisaidia kikundi cha akina mama wanaotunga ushanga. Walipata mteja wa ng'ambo aliyetaka mikufu 6. Mimi, kwa kuwa ndimi mwenye diploma, nikasema, "Mgeni aheshimiwe. Tutafute boksi kubwa, zuri." Tukalipata, tukajaza magazeti ndani yake, tukaiweka mikufu katikati kama mayai kiotani. Karani akaliweka boksi juu ya mizani: halikufika kilo 1. Nikafurahi. Kisha akatoa utepe, akalipima urefu, upana na kimo, akaandika hesabu yake, akasema, "Mtalipia kilo 5."

Nilimbishia sana mbele ya watu, naye alikuwa na haki. Ubaya ni kwamba akina mama walikuwa wamekwisha mtajia mteja nauli, na fedha zimekwisha lipwa. Hawakuweza kurudi kwake na kumwambia, "Bwana, ongeza." Faida ya mikufu yote 6 ikaishia pale mezani kwa karani. Mama mmoja, mkubwa wao, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, tumepeleka ushanga au tumepeleka hewa?"

Haya, tuitazame hesabu ya karani. Makampuni yanayobeba vifurushi kwa ndege hupima mambo mawili, uzito na ukubwa, kisha hutoza kwa lile lililo kubwa zaidi. Maana ndege hujaa upesi kwa nafasi kuliko kwa uzito, na boksi la hewa hulichukulia nafasi boksi la mtu mwingine. Ukubwa huhesabiwa hivi: zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000. Hiyo ndiyo namba inayotumiwa na makampuni mengi. Jibu ni kilo.

Boksi letu lilikuwa na urefu wa sentimita 40, upana 30, kimo 20. Andikeni: 40 mara 30 ni 1,200. 1,200 mara 20 ni 24,000. Gawanya kwa 5,000, wapata 4.8. Karani akaipandisha ikawa 5. Sasa chukua boksi dogo la urefu wa sentimita 20, upana 15, kimo 5. 20 mara 15 ni 300. 300 mara 5 ni 1,500. Gawanya kwa 5,000: ni 0.3 tu. Mikufu ile 6 ingeenea humo bila taabu, na tungelipia uzito wake wa kweli.

Posta ina desturi nyingine. Yafaa mjue kwamba zamani, katika Uingereza, barua ilitozwa kwa umbali na kwa hesabu ya karatasi zake. Mwaka 1840 wakabadili: barua isiyozidi nusu aunsi ikaenda popote nchini kwa peni 1. Tangu hapo uzito ndio ukawa msingi. Mwaka 1874 nchi nyingi zilikutana Bern, Uswisi, zikaunda umoja wa posta ambao sasa huitwa Umoja wa Posta Duniani, ili barua zivuke mipaka kwa taratibu moja. Kwa taratibu za umoja huo kifurushi kidogo mwisho wake ni kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mrefu kuliko wote usizidi sentimita 60.

Bei ya posta huenda kwa ngazi. Tuseme ngazi moja inaishia gramu 100. Kifurushi cha gramu 98 kimo ndani yake. Kifurushi cha gramu 103 kimepanda ngazi ya pili, nawe walipa ngazi nzima kwa ajili ya gramu 3. Gramu 3 ni nini? Karatasi moja ya kuandikia yapita hapo! Basi kabla ya kufunga, uliza posta ngazi zao zinaishia wapi, uziandike katika daftari, kisha upime nyumbani.

Najua mtasema, "Mizani hatuna." Tutaitengeneza. Chukua fimbo nyembamba iliyonyooka, ifunge kamba katikati, uitundike. Kila ncha ning'iniza mfuko mwepesi, mifuko miwili iliyo sawa. Fimbo ikilala sawasawa, mizani iko tayari. Mawe yake ni karatasi. Karatasi ya ukubwa wa A4 iliyoandikwa 80 kwenye bunda lake ina uzito wa gramu 5. Karatasi 20 ni gramu 100. Weka bangili upande mmoja, ongeza karatasi moja moja upande wa pili mpaka fimbo ilale, kisha hesabu. Karatasi 13 ni gramu ngapi? Ni 65. Haitakuwa sawa kabisa na mizani ya posta, kwa hiyo usikae ukingoni mwa ngazi. Jiachie gramu chache.

Ukishapima, utaona mara nyingi kwamba kifungio ni kizito kuliko bidhaa. Bangili ya shaba haivunjiki. Ya nini kuijazia magazeti? Izungushie kitambaa chakavu safi, uitie katika bahasha nene, basi. Kibuyu hapo ni kitu kingine. Kibuyu kikifika vipande viwili, umepoteza kibuyu, nauli na mteja, kwa hiyo usikionee choyo boksi gumu. Lakini boksi hukatwa! Likiwa na kimo cha sentimita 15 na kitu kinahitaji 8, chukua kisu na rula, kata pembe nne, kunja, funga.

Kwa basi ndani ya nchi mambo ni tofauti tena. Wenye basi hawahesabu gramu. Mara nyingi hutaja bei ya kifurushi kwa kukitazama, na mnapatana. Hapo wateja 3 wa mji mmoja wakikubali kumtuma mmoja wao stendi, wafungie fungu moja, ndani yake kila mtu na jina lake. Andika kwa herufi kubwa jina na simu ya mpokeaji na ya kwako, chukua risiti, uipige picha.

Sasa njooni hapa nyumbani, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na watu hawapatazami. Tuseme kwenda Katesh na kurudi ni shilingi 10,000. Ukienda na kifurushi kimoja, kimebeba 10,000 peke yake. Ukienda na vifurushi 5, kila kimoja kimebeba 2,000. Hakuna bahasha nyepesi iwezayo kukuokolea 8,000. Basi chagueni siku moja ya juma, siku ambayo mmoja wenu ana safari kwa vyovyote, na mwandikeni mteja mapema: "Tunatuma kila Jumanne." Mteja aliyeambiwa siku hungoja. Mimi mwenyewe hungoja.

Neno juu ya ng'ambo. Posta itakupa karatasi ndogo ya forodha iitwayo CN 22. Andika kilichomo, uzito na thamani yake ya kweli. Wako watu watakaokushauri uandike "zawadi". Usiandike; umeuza. Tangu tarehe 1 Julai 2021 vitu vyote vinavyouzwa kuingia Umoja wa Ulaya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata vikiwa vya bei ndogo. Nayo Marekani, tarehe 29 Agosti 2025, ilisimamisha msamaha wa ushuru wa vifurushi visivyozidi dola 800. Kwa hiyo mwambie mnunuzi kabla hajalipa kwamba huenda akadaiwa kwao. Na kitu chenye ngozi au mbegu usikitume nje mpaka umeuliza kama nchi ile inakipokea.

Hesabu ya nyumbani. Boksi lina urefu wa sentimita 30, upana 20, kimo 15, na uzito wa kilo 1. Litatozwa kilo ngapi kwa ndege? Mkilikata kimo kikawa sentimita 5, litatozwa ngapi? Leteni majibu darasani Jumatano, na kila mmoja alete na boksi lake. Kwaherini.