Ruzuku ya Kaya Maskini si Sadaka



Kuna msemo ambao kila Mtanzania aliusikia tangu utotoni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo ulisaidia kujenga taifa linaloheshimu kazi, na hapana mtu mwenye busara atakayeubeza. Lakini tangu Serikali ianze kuzipa kaya maskini fedha taslimu, msemo huo umepewa maana nyingine vijijini, maofisini na hata katika vyumba vya walimu. Husemwa kwamba kumpa maskini fedha mkononi ni kumlemaza. Kwamba ataacha shamba, atazimalizia kilabuni, kisha atakaa barazani kungojea siku ya malipo. Maneno hayo ni mazito, kwa sababu baadhi ya wanaoyasema ndio wenye dhamana ya kuandika majina, kujaza madaftari na kupeleka taarifa wilayani. Kwa hiyo yanastahili kupimwa kwa ukweli wa mambo.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Katika miaka yake ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kusaidia wananchi kujenga madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Mwaka 2010 ulianza jaribio la kuzilipa kaya maskini fedha moja kwa moja katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima, Bara na Visiwani, na miaka michache baadaye kaya zipatazo milioni moja na laki moja zilikuwa zimeandikishwa. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua sehemu ya pili ya awamu hiyo. Kwa hiyo jambo hili si geni tena. Lina historia, na historia hiyo inaweza kuhojiwa.

KALENDA YA NJAA

Shida ya kaya maskini ya kijijini haianzii katika uvivu. Huanzia katika kalenda ya mwaka. Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza karibu na Desemba, na nafaka mpya hupatikana kuanzia Aprili au Mei. Maana yake ni kwamba miezi ya kupanda na kupalilia, ambayo shamba hudai nguvu nyingi zaidi, ndiyo miezi ambayo ghala la maskini ni tupu.

Mama asiye na chakula ndani hawezi kuwaambia watoto wake wangoje mtama ukomae. Asubuhi huchukua jembe na kwenda kulima kibarua katika shamba la mwenye uwezo, ili jioni arudi na unga kidogo. Wakati huo shamba lake mwenyewe linasongwa na magugu. Mavuno yake huwa haba, ghala lake huisha mapema zaidi, na mwaka unaofuata hurudi kwenye kibarua kabla hata ya wakati ule wa mwaka uliopita. Mwingine huyauza mazao yangali mabichi shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi, akijua wazi kwamba anapunjwa. Watu hawa hufanya kazi tangu alfajiri mpaka jioni, ila jasho lao hulijaza ghala la mwingine. Kuwaita wavivu ni kuonyesha kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hapo ndipo kazi ya ruzuku inapoonekana. Fedha kidogo ikifika katika miezi hiyo, humrudishia mkulima siku zake za kazi. Huweza kununua unga wa wiki mbili na kubaki katika palizi yake. Ruzuku haishindani na jembe la maskini. Humwezesha kulitumia jembe hilo katika shamba lake mwenyewe.

HESABU YENYEWE

Wanaohofia kwamba ruzuku italeta uvivu inafaa watazame hesabu. Katika awamu ya kwanza ya Mpango, kaya ililipwa shilingi 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto, na jumla yake haikuweza kuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Ruzuku ya msingi, ikigawanywa kwa siku 30, ni shilingi 333 kwa siku kwa nyumba nzima.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka kiwango cha mahitaji ya msingi ya mtu mzima mmoja kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi. Basi hata kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa, yenye watoto kadhaa wanaosoma, ilipokea fedha pungufu ya mahitaji ya mtu mmoja. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba vijijini watu 31 kati ya kila 100 walikuwa chini ya kiwango hicho. Hapana awezaye kustarehe kwa fedha hiyo. Anachoweza ni kuvuka nayo wiki mbaya bila kuuza mbuzi wake wala kumwondoa mtoto shuleni.

Tena jembe limo ndani ya Mpango wenyewe. Kwa kaya zenye mtu awezaye kufanya kazi, Mpango uliweka ajira za muda: siku 60 kwa mwaka, kwa ujira ambao katika awamu ya kwanza ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, yaani shilingi 138,000 kwa mwaka. Watu walichimba malambo, walipanda miti na kutengeneza barabara za vijiji vyao. Kwa hiyo wanaoutaja msemo wa mgeni na jembe wameshajibiwa.

USHAHIDI WA VIJIJI

Jaribio la Bagamoyo, Kibaha na Chamwino lilifanywa kwa utaratibu mzuri. Vilichaguliwa vijiji 80. Kwa kura, 40 vikaanza kulipwa na 40 vikangoja, ili ionekane wazi ni mabadiliko yapi yameletwa na ruzuku na yapi yangetokea hata bila hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto wadogo katika kaya zilizolipwa waliugua siku chache zaidi. Kaya hizo zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zikaacha kungoja ugonjwa ndipo zitafute fedha za matibabu. Watoto wengi zaidi walimaliza darasa la saba, hasa wasichana. Wazazi waliwanunulia watoto viatu. Na kaya zilizokuwa maskini zaidi ziliongeza kuku na mbuzi, yaani waliotabiriwa kwamba wangekula fedha yote ndio walioweka akiba kwa namna mkulima anavyoijua akiba.

Ama kuhusu pombe, uchambuzi wa Benki ya Dunia wa mwaka huohuo wa 2014, uliokusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, haukuona kwamba ruzuku huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Mlevi yupo katika kila kijiji, na yupo pia miongoni mwa wenye mishahara. Lakini hapana anayependekeza mishahara ya watumishi wote ifutwe kwa sababu ya mtumishi mmoja anayelewa.

Wapo wanaouliza swali zito zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya watu wasiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo. Liliweka mbele watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Je, kugawa fedha si kulipa kisogo Azimio? Hapana. Azimio hilohilo, lilipokataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwatenga wazi watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao Serikali haijaweza kuwapatia kazi. Anayezitembelea kaya zilizoandikishwa atawakuta hao hasa: bibi anayelea wajukuu yatima, mjane mwenye watoto wengi, mzee asiye na mtoto wa kumtazama. Fungu lao ni haki yao katika jamii ya watu walio sawa, na kwa hiyo si sadaka.

WAJIBU WA MTUMISHI

Lakini onyo la Azimio lingali na maana. Fedha peke yake haimtibu mtoto wala haimfundishi kusoma. Ruzuku ya watoto ilifungamanishwa na masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mdogo apelekwe kliniki. Masharti hayo ni mema mahali penye shule na zahanati. Mahali ambapo zahanati iko mbali, au iko karibu lakini haina dawa, sharti hugeuka kuwa mzigo wa pili juu ya mgongo uleule. Mama hutembea nusu siku, hurudi bila huduma, na asipokwenda tena fedha yake hukatwa. Huko ni kumwadhibu mnyonge kwa upungufu usio wake.

Kwa hiyo mambo matatu yamo mikononi mwa walimu na watumishi wenyewe.

La kwanza ni orodha. Utaratibu unataka maskini watambuliwe hadharani, katika mkutano wa kijiji, kisha hali zao zihakikiwe. Mkutano ukifanywa kwa siri, au ukiitishwa siku ambayo wanyonge wako vibaruani, orodha hujaa ndugu wa viongozi. Mwaka 2016 Serikali iliamuru uhakiki, na maelfu ya kaya hewa na zisizostahili zikaondolewa. Majina hayo hayakujiandika. Na kila jina la uongo lilikalia nafasi ya mjane wa kweli.

La pili ni daftari la mahudhurio. Kwa mwalimu, alama ya kutokuwapo ni wino kidogo tu. Kwa kaya ni fedha inayoweza kupungua. Mwalimu anayejaza daftari kwa kukisia mwishoni mwa mwezi anakata unga wa watu asiowajua. Na mwalimu anayeona mtoto haji, akaenda kuuliza nyumbani kabla ya kupeleka taarifa, anaweza kugundua ugonjwa au njaa ambayo hakuna fomu ingeieleza.

La tatu ni wakati. Malipo ya Januari yakilipwa Aprili, hesabu ya serikali husema fedha imetolewa, lakini kwa mkulima mwaka umekwisha kupotea. Amekwisha kwenda kibaruani, amekwisha kukopa dukani, na fedha ikifika huishia kwa mwenye duka. Ruzuku iliyochelewa hugeuka kuwa malipo ya deni. Kadhalika, malipo kwa njia ya simu na benki yamepunguza mikono ambayo fedha hupitia, na hilo ni jema. Lakini mzee asiye na simu, au asiye na kitambulisho cha taifa cha kusajilia laini, asiachwe nje ya mlango kwa sababu ya chombo kilicholetwa kumrahisishia.

Ndugu walimu na watumishi, mjadala wa uvivu umedumu mno, na umetazama upande usiostahili. Kwa miaka mingi umeuliza maskini atafanya nini na shilingi elfu kumi, na vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino vimekwisha kujibu: atanunua viatu vya mtoto, atanunua kuku. Swali lililobaki ni la upande wa pili wa meza. Je, jina limeandikwa kwa haki? Je, daftari limejazwa kwa ukweli? Je, fedha imefika kabla ya palizi? Majibu ya maswali hayo hayawezi kutafutwa kwa maskini. Yamo katika mafaili, katika madarasa na katika dhamiri za watumishi waliokabidhiwa kazi hiyo.