Msusi wa Miono na mtihani wake

Wiki hii tukae kidogo barazani Miono, wilayani Bagamoyo, mahali ambapo mkeka na chanuo vyatosha kuwa saluni. Mtoto wa kike huanza kwa kusuka vichwa vya wadogo zake, kisha vya majirani, na kabla hajajua amekuwa fundi wa twende kilioni na yebo yebo. Mwambie kuna mtihani wa kazi hiyo, atacheka: kusuka nako kuna mtihani?

Upo. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri, lakini karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu mkono wa mwenye saluni. Ujuzi hupimwa katika mfumo wa ufundi stadi. Hata aliyejifunzia mkekani anaweza kuomba ujuzi wake utambuliwe: hupimwa, huelekezwa pale alipopungukiwa, kisha akifaulu hupewa cheti.

Vidole vya dada yetu havitamwangusha. Kitakachomtoa jasho ni swali la "kwa nini". Dawa nyingi za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, kemikali ileile ya kutengenezea sabuni. Kwa nini ngozi ya kichwa ipakwe mafuta kwanza? Kwa nini mteja aliyejikuna asipakwe dawa siku hiyo? Kwa nini dakika zihesabiwe kwa saa ya ukutani, si kwa uvumilivu wa mteja? Kwa nini vifaa visafishwe kabla ya kutiwa dawa ya kuua vijidudu? Na mapunye atayatofautishaje na mba?

Wapo watakaosema huu ni usumbufu kwa mtu anayetafuta riziki. Hoja yao si ya kupuuzwa. Jimbo la Texas, kule Marekani, liliwaondolea wasusi wa nywele sharti la leseni mwaka 2015. Lakini wenye kutumia kemikali hawakuachiwa. Na hapa kwetu, vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku; msusi asiyesoma maandishi ya kopo atamuuzia jirani yake madhara bila kujua.

Basi, dada unayejiandaa, usijifungie na daftari peke yako. Mkalishe mwenzako kitini, fanya kazi, huku ukimweleza kwa sauti kila hatua na sababu yake. Pale utakapokwama, hapo ndipo pa kwenda kusoma. Panga vifaa vyako kama vile mtahini amesimama mlangoni, na ujizoeze kumaliza kwa wakati.

Cheti chaweza kukufungulia saluni ya Dar es Salaam. Lakini wa kwanza kufaidika ni mteja wako wa Miono, atakayerudi nyumbani amependeza, na kichwa hakimwashi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.