Ubongo wa Mzee Baada ya Upasuaji

Mzee wa Nachingwea au Ruangwa aliyepasuliwa ngiri au tezi dume huweza, siku chache baada ya kuzinduka kutoka katika nusukaputi, yaani usingizi wa dawa, kuanza kuweweseka na kumwita mwanawe kwa jina la marehemu, hali ambayo jamaa huidhania kuwa uzee tu, ilhali kwa sehemu hutokana na kinga ya mwili ambayo, inapoponya jeraha, huchochea pia chembe za kinga zilizomo ubongoni.

Kuuchangamsha ubongo huonekana kupunguza hali hiyo: katika majaribio, panya wazee waliotunzwa baada ya upasuaji katika vizimba vyenye wenzao na vitu vya kuchezea walionekana kupata madhara machache zaidi ya ubongo. Kwa binadamu, Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 1999, kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi (wa magonjwa ya kawaida, si wa upasuaji), kwamba kuwazungumzisha, kuwatembeza, kuwavalisha miwani yao na kuwalinda usingizi wa usiku kulipunguza waliopatwa na mkanganyiko huo kutoka asilimia 15 hadi 9.9.

Hapa Tanzania, ambako ndugu ndio huuguza wodini, desturi ya kumwacha mgonjwa kimya mchana kutwa, ati apumzike, inastahili kutazamwa upya, kwa kuwa mjukuu anayemuuliza babu bei ya ufuta msimu huu, au kumwekea bao na kete kando ya kitanda, humpa ubongo kazi isiyohitaji bajeti ya halmashauri.